Kusitisha dawa ya ADHD likizo ya Juni: siku za kwanza nizipitisheje?

Mama wa Ipagala
Habari zenu. Mwanangu wa miaka 10 ana ADHD (hali ya kushindwa kutulia na kuwa makini) na anatumia dawa ya methilifenideti. Darasani ametulia, lakini chakula cha mchana anakigusagusa tu na uzito wake haujaongezeka tangu Januari, kwa hiyo daktari ameshauri tuipumzishe dawa likizo yote ya Juni. Desemba nilijaribu mwenyewe bila kumuuliza mtu, na siku tatu za mwanzo zilinishinda: mchana alilala, akiamka ana hasira, na usiku alikula hadi bibi yake akadhani namnyima chakula. Je, hayo ni madhara ya kuacha dawa, au ni hali yake iliyorudi?

Baba wa Kongwa
Dada, kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Tulimwacha ale ashibe, uji wa uwele wenye karanga asubuhi, ugali na mlenda mchana, ila saa ya kulala na ya kuamka hatukuibadilisha. Kosa letu lilikuwa kumpeleka masomo ya ziada wiki ya kwanza, tukagombana naye kila jioni. Alipokwenda kuchunga mbuzi na babu yake, kukimbiakimbia kwake hakukumkera mtu.

Mfamasia, Dodoma Mjini
Mama, ni yote mawili. Methilifenideti ya kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa tatu hadi nne, na ile inayoachiliwa taratibu mwilini haizidi saa kumi na mbili hivi, kwa hiyo utukutu hurudi mapema sana. Uchovu, usingizi na njaa ya ghafla kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Akiwa na huzuni nzito au akizungumzia kujidhuru, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine mnaosoma, msiige kwa dawa nyingine za ADHD: klonidini ikiachwa ghafla, shinikizo la damu linaweza kupanda, na atomoksetini huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo yake, hivyo haipumzishwi mwisho wa wiki.

Mpime urefu na uzito mwanzoni na mwishoni mwa likizo, kwa sababu bila vipimo hivyo daktari hatajua kama mapumziko yamesaidia. Muulize pia kama Julai ataanza na dozi ile ile.

Mama wa Ipagala
Ahsanteni sana. Nitampima Jumatatu, na bibi yake nitamweleza mapema, kabla hajaanza kuhesabu sahani.