Prado ya 1KZ yenye km 412,000: kufumua hedi, kuweka injini ya Japani, au kuuza na kuagiza D-4D?

Kilima_Dizeli (mwanzisha mada)
Wakuu, gari ni Prado KZJ95 ya 1997, injini 1KZ-TE, otomatiki, kilomita 412,000. Tambarare halina neno. Likipanda mlima mrefu na mzigo, mshale wa joto unapita nusu, na asubuhi chupa ya akiba inakutwa imejaa huku rejeta imepungua. Oili haijachanganyika na maji. Bodi nzuri, chesesi haijaoza. Nalinganisha mambo matatu: (A) kufumua hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) na kuendelea nalo, (B) kutupia injini ya mtumba kutoka Japani, (C) kuuza na kuagiza Prado 120 yenye 1KD (injini ya D-4D). Lipi lina akili?

NozeliNaPampu
Mkuu, kabla ya kulinganisha, thibitisha ugonjwa. Maji kuhamia kwenye chupa bila kurudi kunaweza kuwa kifuniko cha rejeta tu. Kikichoka, valvu yake ya kurudisha maji haifunguki injini inapopoa. Weka kipya kilichoandikwa 0.9, bei yake haizidi mlo wa mchana, kisha pima tena.

Kama shida ipo bado: asubuhi, injini ya baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji hadi shingoni, washa na uangalie dakika mbili za mwanzo kabla thamostati (valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta yakipata moto) haijafunguka. Mapovu madogo yasiyokoma, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, ni gesi ya silinda inayopenya. Mapovu makubwa mawili matatu kisha kimya ni hewa iliyokuwa imebaki. Na ukiminya mpira wa juu wa rejeta ukakuta umekuwa mgumu wakati maji bado ya baridi, usijidanganye, hedi au gasketi yake (inayoziba kati ya hedi na bloku) inapitisha.

Klachi ya feni pia. Zima injini ikiwa ya moto, zungusha feni kwa mkono. Ikikataa kidogo ni nzima. Ikizunguka kama pangaboi, mafuta yake ya silikoni yameisha. Inafunguliwa na kujazwa upya. Toyota wanauza vichupa vya mililita 18, na watu wa milimani hupendelea yale mazito ya namba 10,000 (kipimo cha uzito wa mafuta). Hedi nyingi za 1KZ zimekufa kwa ajili ya kitu hiki, fundi akafumua, akafunga hedi nyingine, akairudisha kwa klachi ile ile na rejeta ile ile.

Hedi_Kavu
Naunga mkono. Kuhusu A: hedi ya 1KZ ni aluminiamu, na ugonjwa wake unajulikana: inapasuka katikati ya valvu ya kuingiza na ya kutoa. Ufa mwembamba kama unywele unaobaki juu juu huwa hauleti shida. Ukiingia kwenye kiti cha valvu au ukaelekea prichemba (chumba kidogo ambamo dizeli huanza kuwaka), hedi hiyo haifai. Wapo watakaokwambia "tutaichomelea". Joto la kuchomelea linalegeza aluminiamu, inapinda, na ufa unarudi pembeni ya pale pale. Nunua hedi mpya tupu, hamishia valvu na camshafti, pima nafasi za valvu upya na ubadilishe shimu (vijisahani vya kurekebisha nafasi hizo).

Kama hedi haijapasuka ila imepinda, kuskimu (kuparuza uso wake kwa mashine unyooke) kunawezekana lakini kuna bei yake. Ukiparuza, valvu zinasogea karibu na piston, kwa hiyo viti lazima vizamishwe kwa kiasi hicho hicho. Fundi anayeskimu bila kupima kina cha valvu anakutengenezea balaa la baadaye.

Gasketi zinakuja kwa unene tofauti. Kinachochagua unene ni piston inavyojitokeza juu ya bloku, na hiyo hupimwa kwa saa ya kupimia, piston moja moja. "Leta yoyote ya 1KZ" siyo jibu. Matundu ya bolti yapulizwe yakauke kabisa, maana oili au maji yakibaki chini, bolti inakaza maji badala ya hedi na bloku inaweza kupasuka.

Ukifika hapo, funga kwa pamoja taiming belti, tenshona yake, pampu ya maji, thamostati na mipira yote. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi inawaka kila km 100,000. Wengine wakisikia inaudhi wanaizima tu bila kugusa belti. Belti ikikatika kwenye 1KZ, valvu na piston zinakutana.

Gerezani_Spea
B ina wapenzi wengi kwa sababu ni ya haraka. Lakini injini ya mtumba ya 1KZ inakuja na hedi ile ile yenye ugonjwa ule ule, na hujui kama kule ilikotoka ilichemshwa mara ngapi. Ni mbuzi kwenye gunia.

Ukiamua, angalia haya kabla ya kulipa. Fungua kifuniko cha oili: utelezi wa rangi ya maziwa ya chai, ondoka. Chungulia mdomo wa maji pale mpira wa juu unapoingia: kutu nyekundu maana yake iliendeshwa na maji matupu, ukikuta mabaki ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) ya rangi ni afadhali. Shika shafti ya turbo: mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida, wa mbele na nyuma haufai. Hakikisha ni 1KZ-TE yenye pampu ya umeme na siyo 1KZ-T, na plagi za waya zilingane na zako. Ukipata iliyomo kwenye nusu ya mbele ya gari lililokatwa, ikiwa na pampu, waya na kontrol boksi (kompyuta ya injini) yake, utapunguza maumivu ya kichwa.

Usisahau namba ya injini. Iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha peleka taarifa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na risiti ya ununuzi, la sivyo siku ya kuuza utahangaika.

Mombasa_4x4
Kwa upande wetu Kenya, C imefungwa kabisa. Gari la zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingia, kwa hiyo 120 unanunua zile zilizomo nchini tayari. Nyinyi Tanzania mnaruhusiwa lakini mnalipia umri, sivyo?

Hesabu_Kwanza
Sawa kabisa kaka. Gari la abiria linalozidi miaka 10 lina ushuru wa bidhaa wa 30% kwa ajili ya uchakavu, juu ya ule wa 10% wa injini inayozidi cc 2,000. Chukua thamani ya shilingi 100 hadi bandarini. Ushuru wa forodha 25%, inakuwa 125. Ushuru wa bidhaa 40% ya hiyo, unaongeza 50, inakuwa 175. VAT 18%, inafika 206.5, na bado tozo ndogo ndogo, bandari na wakala. Yaani unalipa gari mara mbili ili upate gari lingine la zamani. Ingiza modeli na mwaka kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kumtumia mtu hela.

Halafu 1KD nayo si malaika. Washa za shaba zinazokaa chini ya nozeli (vipulizia dizeli) zikivuja, gesi inapanda, oili inakuwa lami, na masizi yanaziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Taa ya oili ikiwaka, beringi zimeshakwenda. Anayenunua D-4D aweke mashine ya kupimia na asome marekebisho ya nozeli injini ikiwa ya moto, sailensa (inanguruma bila kukanyagiwa mafuta): yanatakiwa kubaki kati ya -3 na +3. Nozeli mpya zikifungwa, namba ya msimbo iliyo juu ya kila moja lazima iingizwe kwenye kontrol boksi.

Chini_ya_Gari
Wote mnaongelea injini. KZJ95 yenye kilomita hizo itakuua kwa boljoint za chini (viungo vya mpira wa chuma vinavyoshika gurudumu la mbele) kabla hedi haijakuudhi. Zinaning'inia, uzito wa gari unazivuta badala ya kuzikandamiza, kwa hiyo zikichoka zinachomoka na gurudumu linalala. Inua gari, weka mtaimbo chini ya tairi, sukuma juu. Ukisikia mchezo, badilisha zote mbili, orijino, na bolti nne mpya kila upande. Hapa ndipo spea ya bei rahisi isipotakiwa kabisa.

Kilima_Dizeli
Kifuniko kipya kimefungwa, klachi ya feni imejazwa. Mapovu bado yapo ila machache. Kompresheni imepimwa injini ikiwa ya moto, gloplagi (plagi za kupasha joto silinda) zote nje, plagi ya solenoidi ya kukata dizeli imechomolewa: 28, 27, 27, 21. Kijiko cha oili kikiwekwa silinda ya 4: 22.

NozeliNaPampu
Hizo ni baa (kipimo cha shinikizo)? Basi hata ya 4 bado iko juu ya kikomo cha chini cha 20 lakini tofauti kati ya silinda imepita 5 inayoruhusiwa, na oili, ambayo ingeziba ringi zilizochoka, haikuipandisha. Ringi si mshitakiwa. Injini ya chini iko vizuri kwa umri wake, kwa hiyo B iondoe kwenye orodha.

Sasa leta kompresa. Piston ya 4 iwe juu kabisa, valvu zote zimefunga, ingiza hewa kupitia tundu la gloplagi, na mtu ashike krenki kwa spana isirudi. Ukisikia upepo kwenye filta ya hewa ni valvu ya kuingiza, kwenye ekzosi ni ya kutoa. Hapo unasaga valvu tu. Maji ya rejeta yakichemka mapovu, agiza hedi tupu. Gasketi usinunue mpaka piston zimepimwa.