Tulisaini mahudhurio ya kikao, saini zetu zimegeuzwa ridhaa ya ghorofa 12 ukingoni mwa Mto Mlalakuwa

Wakuu, hili jambo linanikosesha usingizi siku ya nne sasa, acha niliseme.

Jumamosi moja mwezi uliopita mjumbe alipita nyumba kwa nyumba akatangaza kikao cha ulinzi na usafi, ofisi ya serikali ya mtaa, saa 4 asubuhi. Tukaenda watu kama arobaini, wengi akina mama na wazee. Mlangoni amekaa binti na karatasi ya mistari: namba, jina, simu, saini. Ukishasaini unapewa soda na sambusa mbili, na kikao kikiisha unapewa elfu tano ya nauli. Nauli ya nini, wakati sote tumekuja kwa miguu? Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, sikushtuka. Tukaongea habari za taka, tukaongea habari za vibaka wa simu, halafu dakika kumi za mwisho akasimama kijana mmoja tusiyemjua, akasema kile kiwanja cha mwembe kimepata mwekezaji, kitaendelezwa, na ajira zitakuwepo. Mzee jirani yangu akanyoosha mkono akauliza kitajengwa kitu gani. Akaambiwa muda umekwisha.

Jumatatu hii jirani mwingine alikwenda manispaa kufuatilia hati yake, akabahatika kuonyeshwa faili la mradi, akapiga picha kwa simu. Karatasi ya juu imeandikwa kwamba wananchi wa mtaa wameshirikishwa na wameridhia. Kiambatisho chake ni karatasi ile ile ya mlangoni! Saini yangu iko mstari wa 17. Ya mama yangu iko wa 18, amesaini kwa dole gumba. Doa la mafuta ya sambusa liko pembeni, limetoka hadi kwenye kopi. Lile neno "mahudhurio" lililokuwa juu ndilo halionekani, limefunikwa wakati wa kutoa kopi.

Na walichoandika kwamba tumekiridhia ni jengo la ghorofa 12, fleti 96. Katika mtaa wa nyumba za chini, barabara ya vumbi ambayo gari mbili zikikutana moja lazima irudi nyuma.

Sisemi watu wasijenge. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar es Salaam, wote wanahitaji pa kulala, na mimi mwenyewe nina vyumba viwili vya wapangaji uani. Ninachosema ni hiki: mimi sijaridhia. Mama yangu hajaridhia. Kuhudhuria kikao siyo kukubali mradi, na aliyeigeuza ile karatasi alijua kabisa anachofanya.

Tuje kwenye mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Jumanne jioni tulichukua kamba, tukapima sisi wenyewe kutoka ukingoni hadi kwenye bikoni ya kiwanja. Mita 38. Tukarudia mara ya pili tukidhani tumekosea. 38. Mnakumbuka Desemba 2015, bonde la Msimbazi? Watu walichorewa X nyekundu ukutani, tingatinga likaja, familia zikalala nje na magodoro yao na watoto, na hoja waliyoambiwa ni hiyo hiyo ya bondeni na mita 60. Basi na huku tuletewe kipimo hicho hicho. Haiwezekani mita 60 ziwe ndefu kwa mama mwenye vyumba viwili vya tofali, halafu ziwe fupi kwa mwenye fleti 96.

Na huu mto si wa kuchezea. Mvua za Desemba 2011, zile zilizoua watu zaidi ya 40 jijini, maji yaliingia sebuleni kwetu yakapanda mpaka kwenye swichi ya taa. Alama iko hadi leo nyuma ya kabati. Tumepaka rangi mara tatu, inarudi. Siku ile sehemu ya maji ilimezwa na kile kiwanja, maana ni kichanga na nyasi na mwembe wake. Wakishamwaga zege na kujaza kifusi kuinua msingi wao, maji yale yatakwenda wapi? Yatakuja kwetu sisi tulio chini.

Kinachonitisha kuliko vyote ni majitaka. Mtaani kwetu hakuna bomba la majitaka, kila nyumba ina karo lake. Masika ukifunua mfuniko unakuta maji yamesimama karibu na mdomo, kwa sababu ardhi yenyewe imeshajaa. Leo hii wapo watu wanaotapisha makaro yao mvua ikinyesha, kinyesi kinapita mbele ya mlango na watoto wanakanyaga wakienda shule. Fleti 96, tuseme watu wanne kila fleti, ni karibu watu 400 kwenye kiwanja kimoja. Katika picha za faili kilichoandikwa ni "mfumo wa kisasa wa majitaka utajengwa". Basi. Utajengwa wapi, utamwaga wapi, hakuna mchoro wala kipimo.

Maji ya kunywa nayaacha. Mgao wa 2022, Ruvu ilipopungua, kila mtu alioga kwa kopo na anajua.

Ila ghorofa kuanguka siachi. Machi 29, 2013, mtaa wa Indira Gandhi, jengo lililokuwa linajengwa liliporomoka, watu 36 wakafa. Novemba 2024 Kariakoo tena. Tunaambiwa tuamini wataalamu wamepima udongo. Udongo gani, mbona hatujaona hata shimo moja la kupimia likichimbwa pale?

Mwenyekiti nilimfuata nyumbani kwake, nikamwamkia, nikamwonyesha picha kwenye simu. Akazitazama muda mrefu. Akaniambia, "Mwanangu, haya mambo yametoka juu." Nikamuuliza juu wapi. Akaingia ndani.

Tunachotaka: karatasi ile iondolewe kwenye faili. Kiitishwe mkutano wa hadhara wenye ajenda iliyobandikwa ukutani, na michoro iletwe mbele yetu. Mpimaji wa serikali aje apime zile mita mchana kweupe, na sisi tukiwepo.

Mwenye uzoefu wa kuandika pingamizi la kibali cha ujenzi au la mabadiliko ya matumizi ya ardhi, naomba aniandikie hapa hapa: barua inaelekezwa kwa nani, nakala ziende wapi, na asaini nani na nani.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Tumekusanya majina 31 ya waliosaini siku ile ambao wako tayari kuapa kwa mwanasheria kwamba walisaini mahudhurio tu. Mama naye kaweka dole gumba. Safari hii alitaka asomewe kwanza, kila mstari, ndipo akaweka.