Mama katoka Arua hadi Kampala kuuona msikiti, akaishia kuuchungulia kwenye dirisha la basi

Ndugu zangu, habari zenu. Nina hasira, na nimeona niziandike kabla hazijapoa. Zikipoa nitasema basi yameisha, na huyu bwana aliyetupangia safari atamfanyia mzee wa mtu mwingine alichomfanyia wangu.

Mama ana miaka 71. Maisha yake yote ni Arua, huku West Nile, kaskazini-magharibi ya Uganda: sokoni, nyumbani, msikitini. Kampala alikuwa hajafika hata siku moja. Mwaka huu sisi watoto tukachanga, tukapanga mimi, yeye na shangazi twende tukatembee siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, Jumamosi asubuhi turudi. Nikamuuliza, mama, unataka kuona nini? Hakufikiri hata kidogo. Akasema nataka kuswali Ijumaa kwenye ule msikiti mkubwa wa Old Kampala.

Wasioujua, ule msikiti ulianzishwa wakati wa Amin miaka ya 1970, ukakwama miaka na miaka, mpaka Gaddafi alipotoa fedha za Libya ukamalizika 2006. Marehemu baba alikuwa akituhadithia tangu tukiwa wadogo. Alifariki bado ni gofu. Kwa hiyo mama alikuwa na lake moyoni, tena zito kuliko matembezi.

Nikaelekezwa kwa mpangaji wa safari aliyeko Kampala. Nikampigia, nikamweleza yote kwa Kiswahili, taratibu, hadi habari ya mguu wa mama unaomsumbua. "Hamna shida, nyabo (yaani bibi)." Kesho yake akanitumia ratiba kwenye simu. Alhamisi: Makumbusho ya Uganda, Kasubi (makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda), hekalu la Wabahai (wa dini ya Bahai), Lubiri (kasri la Kabaka), Namugongo (kwa mashahidi wa Kikristo), jioni ufukweni Ggaba. Ijumaa: Jinja asubuhi, "tunarudi kwa swala ya Ijumaa", alasiri Entebbe. Nikamuuliza mara mbili kama tutawahi. Tutawahi. Nikatuma shilingi 400,000, nusu ya malipo.

Sasa wewe unayeijua Kampala, itazame hiyo ratiba. Makumbusho yako Kitante, barabara ya Kira, kaskazini ya mji. Kutoka hapo unakwenda Kasubi, magharibi. Unarudi tena kaskazini hadi kilima cha Kikaaya kwa Wabahai. Unateremka Mengo kwa ajili ya Lubiri, ambayo ungeipitia ulipokuwa upande wa Kasubi. Kisha unauvuka mji wote kwenda Namugongo, mashariki, halafu unashuka kusini hadi ziwani. Na kila kuvuka ni jamu. Aliyeandika ratiba ile alihesabu majina, saa hakuzihesabu. Majina mengi yanapendeza mtu akiyasoma kwenye simu, na ndiyo anayoyauza.

Gari lilikuja saa nne na nusu, tuliahidiwa saa mbili. Makumbusho, ambayo yapo tangu 1908, tulipewa dakika 40. Mama alisimama mbele ya ala za muziki akaanza kumhadithia shangazi adungu, vile vinubi, zilizopigwa harusini kwao, wazee wawili wanacheka kama wasichana, huku nje honi inalia. Niliwatoa mimi mwenyewe kwa mkono. Mpaka leo inaniuma.

Kasubi, dakika 15. Pale wamelala Makabaka wanne: Muteesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Nyumba ile kubwa iliungua Machi 2010, watu wakahangaika zaidi ya miaka kumi kuijenga upya, hadi 2023 UNESCO ikaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Juu ndani ya paa kuna pete 52 za nyasi, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Haya nimeyasoma baadaye. Siku ile mwenyeji wa pale alieleza kwa moyo, ila kwa Kiingereza, na mama Kiingereza hana, Kiganda hana. Tulikubaliana na mpangaji kwamba atatafsiri. Yeye yuko nje, anaongea na simu.

Nilipomfuata akanijibu, tena mama yuko karibu anasikia: "Kiswahili ni cha maaskari, huku watu hawakitaki."

Jamani. Najua Kiswahili kilivyowaumiza watu wa Buganda wakati kilipokuja na bunduki, na sitamlaumu mtu kwa kumbukumbu yake. Lakini huyu alichukua pesa kwa Kiswahili! Simu zote tumeongea Kiswahili. Na Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa katiba tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha tena kifundishwe shuleni. Kwetu Arua ndicho unachonunulia nyanya kwa Mkongo na kumuuzia sabuni Msudani. Mama yangu hajawahi kushika bunduki. Alilelea watoto saba kwa lugha hiyo.

Lubiri tuliona lango. Wabahai tuliona kuba kwa mbali. Namugongo tulifika giza limeshaingia. Ggaba hakuna aliyeitaja tena.

Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Tangu alfajiri mama ameoga, amevaa nguo aliyoishona kwa ajili ya siku hiyo. Nikamwambia yule bwana tuache Jinja, twende msikitini tu. Akasema kule kumeshalipiwa, ni kilomita 80, asubuhi barabara nyeupe. Na tunapelekwa kuona nini? Chanzo cha Nile! Sisi watu wa West Nile! Kuja Kampala tumeuvuka mto huo mara mbili, Pakwach na Karuma, maji yale yale yanayotoka Jinja, yanapita Kyoga, yanaingia ziwa Albert, ndiyo yanatufikia sisi. Sisemi Jinja si pazuri. Ni pazuri sana, mpe mtu siku yake nzima. Lakini mtu aliyesema jambo moja tu, Ijumaa, humpeleki kilomita 80 kinyume cha jambo hilo.

Saa saba na dakika kumi tulikuwa tumesimama Mukono nyuma ya malori. Mama alitazama saa ya simu yangu, akairudisha, hakusema kitu. Tukatafuta kimsikiti cha kando ya barabara, imamu ameshatoa salamu, akaswali adhuhuri yake. Aliporudi garini akaniambia, "Mwanangu, usigombane na mtu, tuko safarini." Nimenyamaza kwa heshima yake. Hapa yeye hayupo.

Mjini nikasema basi, Entebbe hatuendi, tupeleke Old Kampala japo mama auone na aswali alasiri. Akasema kubadilisha ratiba ni malipo mengine, lakini kwanza tule. Akatuacha kwenye jengo la maduka zaidi ya saa mbili na kuku wa kukaanga ambaye shangazi hawezi kumtafuna, watu wanaotaka matoke na mchuzi wa karanga. Aliporudi magharibi imeingia. Na nusu ya pili ya pesa akaitaka pale pale kabla hajawasha gari. Nililipa kwa sababu nina wazee wawili barabarani usiku. Sasa nikidai anirudishie chochote, jibu ni "huduma ilitolewa", na tangu Jumatatu hapokei simu yangu.

Jumamosi alfajiri tuko kituo cha basi. Basi linatoka, shangazi akasema, mnara ule kule. Mama akafuta kioo kwa leso, akatazama mpaka nyumba zikauziba. Huo ndio msikiti alioufuata kutoka Arua.

NYONGEZA: Kuna aliyeandika hapo chini kwamba tungepanda boda. Soma tena habari ya mguu. Mwingine anasema kosa ni langu kumwamini mtu wa simu. Sawa, lakini mgeni amwamini nani? Mji haujui, ndiyo maana analipa.

Na kwa wanaouliza siku mbili zinatosha nini: zinatosha, ukifuata vilima. Old Kampala, Namirembe, Mengo, Rubaga na Kasubi viko upande mmoja, siku moja inavimaliza bila haraka. Ningeanza msikitini asubuhi, kwa sababu mnara una ngazi zaidi ya 300 na kabla ya jua kali mwenye miguu anapanda, anauona mji wote ulivyokaa, wazee wanapumzika ndani. Mwanamke ambaye hakujisitiri anapewa kitambaa pale pale. Kisha Bulange (bunge la Buganda) na Lubiri, zinatazamana kwenye barabara moja iliyonyooka. Kasubi mwisho, na ukae, uvue viatu, usikilize. Siku ya pili Makumbusho, na kama nguvu ipo, Wabahai. Majina sita. Hakuna Jinja, hakuna Entebbe, hakuna Ggaba.

Tunarudi baada ya Idi, nimeshamwambia mama na safari hii naongoza mimi. Ninachohitaji kwenu ni mambo mawili. Kwanza, anayemfahamu mtembezaji wa Kampala anayeeleza kwa Kiswahili, tena anayekipenda, aniandikie pembeni. Pili, mnaoswali pale Old Kampala: upande wa wanawake kuna mlango ambao mzee mwenye mkongojo anaingia bila kupanda ngazi, na Ijumaa tufike saa ngapi ili apate kiti ukutani?