Hofu ya utu uzima katika filamu za vijana

Swali:
Nimetazama upya The Graduate ya Mike Nichols (1967). Kwa nini Benjamin, aliyehitimu chuo kwa sifa nyingi, anaiogopa kesho yake kiasi kile?

Jibu la 1:
Nadhani anawaogopa watu wazima wanaomzunguka kuliko kazi yenyewe. Anapotimiza miaka 21 anavishwa vazi la kupiga mbizi, zawadi ya wazazi wake, na anapojaribu kuibuka bwawani anasukumwa tena chini ya maji, huku sisi watazamaji tukisikia pumzi zake tu. Wazazi hao wanampenda kwa dhati, na hapo ndipo uchungu wa filamu ulipo.

Jibu la 2:
Nakubali, ila hofu hiyo ina sura nyingine kwa Antoine, mvulana katika filamu ya Kifaransa Les Quatre Cents Coups ya François Truffaut (1959), anayetoroka kituo cha kurekebisha watoto na kukimbia hadi baharini, ambako picha inaganda akitukodolea macho. Yeye hana hata mtu wa kumsukuma.

Muuliza swali:
Ahsanteni. Sasa naelewa kwa nini tabasamu za Benjamin na Elaine, msichana anayetoroka naye, zinafifia ndani ya basi mwishoni mwa The Graduate: wamewakimbia wazazi, lakini hawajajua waendako.