Ukocha wa mbio katika vyuo vya Marekani: je, ni kazi ya kumtunza mtu?

Mwana_wa_Mbulu aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu. Mimi ni kijana wa Mbulu, mkoani Manyara, na sasa niko mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha Marekani, ambako nimekimbia mbio za nyika na za uwanjani kwa miaka minne. Muda wangu bora wa mita 5,000 ni dakika 14 na sekunde 22, nao, kama mnavyojua, hauwezi kunilisha. Wiki iliyopita kocha mkuu aliniita ofisini akanieleza kwamba chuo kiko tayari kunilipia shahada ya uzamili ya miaka miwili, nami nimsaidie kufundisha wakimbiaji wa mbio ndefu. Nilipompigia baba simu, aliniuliza swali moja tu: hiyo ya kushika saa na kupiga filimbi, ni kazi ya kumtunza mtu na watoto wake? Sikuwa na jibu. Naomba anayeijua kazi hii kwa ndani anieleze kocha wa chuo hufanya nini hasa, na kama mtu wa kwetu anaweza kupanda ngazi hadi akafika juu.

Saa_Mkononi alijibu:

Marahaba, mdogo wangu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili katika kazi hii, minane ya kwanza nikiwa msaidizi, kwa hiyo mwambie mzee kwamba ni kazi kamili, ila saa na filimbi ni sehemu yake ndogo mno.

Makocha wengi wa michezo mingine wana msimu mmoja wa mashindano, kisha wanapumua. Wewe utakuwa na mitatu. Nyika huanza Septemba na kuisha Novemba, viwanja vya ndani hufuata hadi Machi, kisha viwanja vya nje hadi Juni, na miguu inayokimbia ni ileile mwaka mzima. Ugumu wa kazi uko hapo: kujua ni msimu gani umwache mwanariadha apumzike, hata kama mkuu wa michezo wa chuo anataka pointi kila wiki.

Katika nyika wanaume hukimbia kilomita 10 kwenye mashindano ya kanda na ya taifa, na wanawake kilomita 6. Timu hupeleka watu saba, nafasi za watano wa kwanza hujumlishwa, na yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Umekimbia kwa utaratibu huo miaka minne, lakini ukiwa kocha utauona kwa jicho lingine. Chuo kinaweza kuwa na bingwa wa nchi nzima na bado kikaachwa mbali, kwa sababu mtu wake wa tano alimezwa na kundi la katikati. Nusu ya kazi yangu ni kumlea huyo wa tano, ambaye magazeti hayamjui.

Yaliyobaki ni ya ofisini: kuandikiana na walimu wa sekondari ili kusajili wanafunzi, kufuatilia alama za darasani, kupanga bajeti ya safari, kuendesha gari la timu alfajiri na kujaza fomu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ambazo kosa dogo ndani yake linaweza kumfungia mwanariadha msimu mzima.

Zaidi ya yote ni kuwatazama watu. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na msichana aliyekuwa akikimbia vizuri sana, zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya mashindano ya kanda, na kila nilipomwuliza hali alinijibu kuwa yuko salama. Asubuhi moja nilimwona akishuka ngazi za bwalo la chakula. Katika kila kidato alitanguliza mguu wa kushoto, wa kulia ukaufuata palepale, kama mtoto anayejifunza kushuka, na kiganja kimebana ukuta. Siku hiyohiyo nilimpeleka kwa daktari wa timu, na kipimo kikaonyesha ufa kwenye mfupa wa muundi wa kushoto. Alilia, wazazi wake wakanipigia simu kwa hasira, na tukashindana bila yeye. Muda wake wa mazoezi ya jana yake ulikuwa bora kuliko wa mwezi mzima, kwa hiyo saa isingeniambia lolote.

Mama_Nyika alijibu:

Namuunga mkono kaka hapo juu, ila kuhusu kufika juu ningependa kuongeza kidogo, kwa kuwa mtu wa kwetu aliyefika juu yupo.

Paul Ereng wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia aliposhinda mita 800 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 kwa dakika 1:43.45, naye alikuwa amehamia mbio hizo mwaka uleule akitokea mita 400. Baadaye akawa kocha wa chuo cha UTEP, mjini El Paso, jimbo la Texas. Chini yake Anthony Rotich alitwaa ubingwa wa vyuo wa kuruka viunzi na maji mara tatu mfululizo, 2013 hadi 2015, na Emmanuel Korir akashinda mita 800 mwaka 2017, ndani na nje, kabla ya kuchukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Kinachonigusa ni kwamba Ereng alipeleka mikono yetu ya kufundisha mahali ambapo zamani tulipeleka miguu tu. Chuo hichohicho kilitwaa ubingwa wa nyika mara saba kati ya 1969 na 1981, na mwaka 1980 mshindi binafsi alikuwa Mtanzania mwenzako, Suleiman Nyambui, aliyekuwa ametoka kupata fedha ya mita 5,000 kule Moscow. Naye Bernard Lagat, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa na kocha James Li tangu Chuo Kikuu cha Washington State, baadaye alikuja kuongoza nyika katika Chuo Kikuu cha Arizona.

Lakini usidhani kwamba kukimbia kunatosha. Mimi niliondoka Eldoret nikiwa na miaka kumi na tisa, na kocha aliyenisajili, ambaye sitamtaja, alinikimbiza misimu yote mitatu kwa miaka miwili bila pumziko, wakati mwingine mbio tatu katika siku mbili, kwa sababu kila pointi yangu ilimwongezea heshima. Hakuwahi kuniuliza nimekula nini wala nimelala saa ngapi. Goti langu halijapona hadi leo. Nilipoanza kufundisha nilijiwekea sharti moja, kwamba kabla sijampa mwanafunzi programu ya mazoezi nijue kwanza amelalaje na nani wa kwao anaumwa, na sharti hilo sijalivunja. Ukikubali kazi hiyo, soma pia fiziolojia ya mazoezi na uchukue kozi za ukocha za chama cha riadha cha Marekani, maana vyuo vingi havitakuita kwenye usaili kwa medali peke yake.

Mwana_wa_Mbulu aliandika:

Nawashukuru kwa moyo wote, nami nimemsomea baba majibu haya kwa simu. Limebaki jambo moja linalonisumbua. Kocha alitaja, kama kwa kupita, kwamba ningeweza "kuleta vijana wazuri kutoka nyumbani". Je, ndicho anachokitaka kwangu?

Saa_Mkononi alijibu:

Huenda ni sehemu yake, na si aibu kusajili nyumbani. Mimi nimesajili vijana wanne kutoka Kenya, na watatu wamehitimu. Lakini mwulize waziwazi, tena kabla ya kutia saini, mwanariadha atakayeumia mwaka wa kwanza atafanyiwa nini na nani atamlipia masomo. Akisita, usimpe namba ya simu ya mtu yeyote wa Mbulu.

Kuhusu karatasi zako, viza ya mwanafunzi inakuruhusu saa 20 tu za kazi chuoni kwa wiki wakati wa muhula, ilhali safari moja ya mashindano inaweza kuzimaliza, basi hakikisha saa zako zinaandikwa kama zilivyo. Shahada ya kwanza inakupa mwaka mmoja wa kufanya kazi baada ya masomo, na ya uzamili inakupa mwingine. Maombi hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza masomo, kwa hiyo pita mapema kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni, uwaulize ni mwaka upi unakufaa kuutumia.