Kibodi, kipanya, skana au sauti: nichague nini kwa kazi ya kunakili kadi 12,000?

Karani_wa_Kadi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekabidhiwa kazi ya kuhamishia kwenye kompyuta kadi za zamani za maktaba zipatazo 12,000, ambazo baadhi zilipigwa taipu na nyingine ziliandikwa kwa mkono. Kila kadi ina jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka wa kuchapishwa, namba ya rafu na maelezo ya sentensi mbili au tatu. Kwa wiki tatu nimekuwa nikitumia kompyuta mpakato peke yake, yaani kibodi yake ndogo na kile kibao cha kugusa kilicho chini yake, na sasa nasikia maumivu kwenye kifundo cha mkono wa kulia ambayo hayaishi hata baada ya kulala.

Wenzangu wamenipa ushauri unaopingana. Mmoja anasema ninunue kipanya, mwingine anasisitiza skrini ya kugusa, wa tatu anaamini kibodi imepitwa na wakati na kwamba ningezisoma kadi kwa sauti kompyuta ikaandika yenyewe, na wa nne anauliza kwa nini nisizipitishe zote kwenye skana. Fedha niliyopewa inatosha vifaa viwili, pengine vitatu, na sitaki kuitumia kwa kufuata mkumbo. Naomba mnieleze vifaa mlivyovitumia wenyewe vinasaidia wapi na vinakwamisha wapi, na mngeanza na kipi.

Mpiga_Chapa amejibu:

Pole sana, ndugu. Maumivu yanayobaki baada ya usingizi yaonyeshe kwa daktari kwanza, maana kifaa kizuri huzuia mkono usiumizwe zaidi lakini hakiutibu.

Nimeishi kwa kupiga chapa kwa zaidi ya miaka ishirini, na ningeanza na kibodi ya kujitegemea. Kasoro ya kibodi ya kompyuta mpakato ni kwamba imeungana na skrini: ukiinua skrini ifikie usawa wa macho, mikono inaning'inia juu, ukishusha vitufe vifikie usawa wa viwiko, shingo inainama kutwa nzima. Ukivitenganisha, kila kimoja kinakaa mahali pake. Kwa kuwa kadi zako zina miaka na namba za rafu, chagua yenye safu ya tarakimu upande wa kulia, kwani mkono ukiizoea huandika namba bila jicho kuondoka kwenye kadi. Ubaya wake ni kwamba safu hiyo hukisukuma kipanya mbali kulia, na bega hunyooka kukifuata. Mimi nilinunua kibao cha tarakimu kinachojitegemea nikakiweka kushoto, na bega likatulia.

Kuhusu aina, kibodi za kawaida zina kuba za mpira chini ya vitufe. Ni za bei nafuu na ni kimya, lakini kitufe hakisajiliwi mpaka ukibonyeze hadi chini, na mpira ukichoka unaanza kupoteza herufi. Kibodi za kimakanika zina swichi na springi kwa kila kitufe. Swichi nyingi husajili herufi kabla kidole hakijafika chini, na kwa aliyejifunza kupiga kwa mguso mwepesi tofauti hiyo huhisiwa jioni. Hizo ni nzito, ni ghali na zina kelele, kwa hiyo anayekaa karibu nawe aulizwe kwanza.

Utasikia pia wanaosema mpangilio wa herufi wenyewe ndio tatizo. Ulitokana na mashine ya taipu ya Christopher Latham Sholes iliyoingia sokoni mwaka 1874, na haukutengenezwa kwa ajili yetu: herufi A, ambayo Kiswahili kinaitumia kuliko nyingine yoyote, imeachiwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, huku Q na X, ambazo maneno yetu hayazihitaji, zikikaa tu. Hata hivyo, sikushauri kubadili mpangilio ukiwa katikati ya kadi 12,000.

Ukitaka isiyo na waya, nunua inayosimba mawasiliano yake, yaani inayoyageuza yasisomeke na mtu mwingine. Mwaka 2016 ilibainika kwamba baadhi ya kibodi za bei ya chini zilikuwa zikirusha herufi hewani waziwazi, zikiwemo za nywila. Waya hauna hatari hiyo wala hauhitaji betri.

Mchora_Ramani amejibu:

Nakubaliana na Mpiga_Chapa kuhusu kibodi, nami nizungumzie vifaa vya kuelekeza, kwa kuwa kazi yangu ni ramani na mkono wangu wa kulia hushika kielekezi kuliko kalamu.

Kibao cha kugusa kilibuniwa kwa ajili ya mahali pasipo na meza. Hakichukui nafasi wala hakisahauliki nyumbani, lakini kuburuta kitu umbali mrefu ni taabu, na kiganja kikikigusa kwa bahati mbaya wakati unaandika, kielekezi kinaruka na maneno yanaangukia mstari mwingine. Katika fomu yenye visanduku vingi kama yako, kosa hilo ni baya kwa sababu mwaka unaweza kuingia kwenye kisanduku cha namba ya rafu bila wewe kutambua.

Kipanya kimedumu tangu wahandisi Douglas Engelbart na Bill English walipotengeneza cha kwanza, cha mbao na magurudumu mawili, mwaka 1964, na sababu ya kudumu kwake ni kwamba mkono unapumzika mezani huku kielekezi kikifika popote kwa mwendo mdogo. Vya leo hupiga picha za uso wa meza zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde na kuzilinganisha ili kujua vimesogea wapi, ndiyo maana vingi hupotea njia juu ya kioo kisicho na alama. Ubaya wake kwa mwenye maumivu ni kwamba kifundo kinapindwa kiganja kitazame chini kwa saa nyingi. Kuna kipanya cha wima, ambacho hushikwa kama unavyompa mtu mkono, nacho hupunguza mpindo huo ingawa kwa siku za mwanzo utakosa shabaha. Kuna pia kile ambacho chenyewe hakisogei, bali unaviringisha gololi kubwa iliyo juu yake. Hicho kinafaa meza finyu na kinaupumzisha mkono, lakini mzigo huhamia kwenye dole gumba au vidole, na vumbi likijikusanya chini ya gololi mwendo wake unakwama mpaka ukisafishe.

Skrini ya kugusa ni nzuri kwenye simu, na ni nzuri kwa mtu anayefika mara moja, anabonyeza na kuondoka. Kwa kazi ya kutwa mbele ya skrini iliyosimama, mkono ulioinuliwa bila kuegemea huchoka ndani ya dakika chache, na kidole kinafunika kitu kilekile unachotaka kukiona. Huyo aliyekushauri, naamini kwa nia njema, hakufikiria saa nane za kazi.

Jambo moja zaidi: jifunze kuhama kisanduku hadi kisanduku kwa kitufe cha Tab, na kipanya chochote utakachonunua utakihitaji mara chache sana.

Mhakiki_Data amejibu:

Wenzangu wamezungumzia mkono, nami naomba nizungumzie makosa, kwa kuwa kazi yangu huanza pale kazi kama yako inapokwisha. Kasi ya kifaa si ya kupimwa kwa idadi ya herufi kinazoingiza kwa dakika, bali kwa muda wote mpaka kadi iwe sahihi, na kila kifaa kina makosa ya aina yake.

Kibodi hukosea kwa sura inayoonekana. Kidole kikiteleza, neno «kitabu» linakuwa «kitavu», na jicho au programu ya kukagua tahajia hulinasa. Tarakimu pekee ndizo zinazojificha, kwa sababu 1967 na 1976 zote ni miaka halali.

Sauti hukosea kwa namna nyingine kabisa. Programu ya imla, yaani ile inayoandika unachosema, kwa kawaida haiandiki herufi zisizo neno. Ikisikia vibaya huweka neno jingine lililo kamili, kwa mfano «amekosa» mahali pa «amekosha», na hakuna kikagua tahajia kitakachoshtuka. Zaidi ya hayo, programu hizi zilifunzwa kwa sauti nyingi za Kiingereza na chache zaidi za Kiswahili, na majina ya watu ndiyo yanayoziangusha. Hata hivyo nisiinyime haki yake: kwa mwenye mkono unaouma, kuyasoma yale maelezo ya sentensi mbili tatu huku vidole vikipumzika ni nafuu ya kweli, mradi ukae chumba tulivu na uyasome tena kabla ya kuhifadhi.

Skana yenyewe haiandiki chochote, hupiga picha tu, na maandishi hutolewa na programu ya kutambua herufi. Kadi zilizopigwa taipu kwa wino mzito, zikipigwa picha kwa nukta 300 kwa inchi, husomeka vizuri, ingawa sifuri na O, au 1 na l, bado huchanganywa. Utepe wa taipu uliofifia huharibu mambo haraka, na mwandiko wa mkono usitegemee programu iusome.

Kifaa ambacho hukukitaja ni kisomaji cha msimbopau, yaani ile mistari yenye tarakimu iliyochapwa nyuma ya kitabu, nami nakipenda kwa sababu moja: chenyewe kinaweza kujua kwamba kimekosea. Tarakimu ya mwisho ya msimbo wa kitabu hupatikana kwa kuzidisha zilizotangulia kwa 1 na 3 kwa zamu na kujumlisha, hivyo tarakimu moja ikisomwa vibaya hesabu haikubali na msimbo hukataliwa. Kompyuta hukiona kama kibodi, kwa hiyo hakihitaji programu ya pekee. Kwa vitabu vya miongo ya karibuni ambavyo bado viko rafuni kitakuokoa sana, ila vitabu vya kale havina msimbo na hapo hakina msaada.

Karani_wa_Kadi ameandika:

Nawashukuru wote kwa dhati. Nitaanza na kibodi ya kujitegemea na kipanya cha wima, na kesho nina miadi na daktari. Skana ipo ofisini, kwa hiyo fedha inayobaki inatosha kisomaji cha msimbopau. Swali langu la mwisho ni kuhusu kadi zilizoandikwa kwa mkono, ambazo ni kama theluthi moja: kuna faida yoyote ya kuzipitisha kwenye skana ikiwa programu haiwezi kuzisoma?

Mhakiki_Data amejibu:

Ipo, tena kubwa. Usitegemee programu izisome. Piga picha, kisha uweke picha upande mmoja wa skrini na fomu upande wa pili. Unaweza kuukuza mwandiko uliofifia, shingo haigeuki kwenda mezani na kurudi, na mimi nitakapohakiki nitakuwa na kadi yenyewe mbele yangu bila kuomba sanduku lishushwe rafuni. Ipe kila picha namba ileile ya rekodi yake tangu mwanzo, kwani kuzioanisha baadaye ni kazi nyingine nzima.

Kwa zile za taipu, jaribu 50 kwanza. Pima muda wa kuzipitisha kwenye skana pamoja na kusahihisha, kisha pima muda wa kuandika nyingine 50 kwa kibodi na kuzihakiki, ndipo uamue zilizobaki zipite njia ipi.