Mrejesho: Nilishuka Tuy Hoa kwa treni

Ndugu zangu, mtakumbuka niliuliza kama inafaa kushuka Tuy Hoa, mji mdogo wa pwani ya Vietnam ya kati, badala ya kupitiliza na treni kutoka Nha Trang hadi Da Nang. Nimerudi, na jibu langu ni kwamba inafaa, ila usiku mmoja haukunitosha.

Kutoka Nha Trang ni mwendo wa takriban saa mbili. Mlinishauri nichague kiti cha upande wa kulia, nami kwa uzembe wangu nikakata cha kushoto. Tulipofika mlima wa Ca, ambako reli hupenya mahandaki kando ya maji, ilinibidi nisimame mlangoni mwa behewa ili niichungulie bahari kati ya handaki moja na jingine. Treni haiendi kasi, kwani reli hiyo iliyokamilika mwaka 1936 ina upana wa meta moja, sawa na reli yetu ya kati ya zamani, na hata mtikisiko wake niliutambua.

Mjini nilipanda kilima chenye mnara wa Nhan, uliojengwa kwa matofali na Wacham, jamii iliyotawala pwani hiyo zamani, kilima kinachotazama mto Da Rang. Jioni nililetewa jicho la jodari, karibu ukubwa wa ngumi, likitokota ndani ya chungu kidogo cha udongo. Nililitazama, nalo likanitazama. Mchuzi niliumaliza wote, jicho lenyewe nusu.